AFYA YA NYUMBANI: Meno ya Bandia Nayo Yapumzike Usiku

  

Katika barua tulizopokea ipo moja tuliyoisoma mara mbili. Imetoka kwa mama wa watoto wanne. Hakuandika jina lake, nasi hatutalitafuta. Anaeleza kwamba aling'olewa meno manne ya juu ya mbele akiwa na miaka 34, akatengenezewa meno ya bandia. Sasa ana miaka 41. Kwa miaka hiyo saba hajawahi kuyatoa mbele ya mume wake, hata usiku. Huingia bafuni, hufunga mlango, huyasuuza upesi kwa maji na kuyarudisha. Watoto hawajui. Mume anajua yalitengenezwa, lakini hajawahi kumwona bila hayo.

Hivi karibuni alianza kusikia harufu mbaya mdomoni na ladha isiyoeleweka. Siku moja alichukua kioo na tochi, akatoa meno na kuangalia juu mdomoni. Aliona wekundu mkali wenye umbo lile lile la plastiki ya meno yake, kama vile mtu ameuchora kwa kufuatisha. Pembeni mwa midomo nako kuna mipasuko isiyopona. Hana maumivu makubwa, lakini ana hofu kubwa. Anawaza saratani. Anawaza maneno ya watu. Mwishoni ameuliza maswali mawili: "Je, huu ni ugonjwa gani? Na je, nitapona bila baba watoto kujua?"

Tutayajibu yote mawili. La kwanza ni la dawa na usafi, la pili ni la nyumba. Tunaamini mama huyu hayuko peke yake, maana wengi wetu tumepoteza jino moja, mawili au zaidi, na wengine tunaishi na wazazi na wakwe wanaovaa meno ya bandia.

NI UGONJWA GANI?

Hatuwezi kumpima mtu kwa barua. Lakini alama alizozieleza zinafanana sana na tatizo linalowapata watu wengi wanaovaa meno ya bandia, yaani uvimbe na wekundu wa ngozi laini iliyo chini ya meno hayo. Tatizo hili si saratani. Mara nyingi haliumi kabisa, na hiyo ndiyo sababu watu hukaa nalo miaka mingi bila kujua, mpaka daktari wa meno awaambie. Wengine huhisi tu kama kaakaa linawaka moto wakila pilipili au kunywa chai ya moto.

Mara nyingi chanzo chake ni kuvu wadogo sana, wale tunaowaita fangasi, walio jamaa ya hamira. Sote tunaijua hamira ya maandazi. Ukiipa joto, unyevu na sukari, huongezeka haraka na unga ukaumuka. Mdomoni mwa mwanadamu nako mna joto, unyevu na sukari ya chakula. Kuvu anayesumbua zaidi huko wataalamu humwita Candida albicans, nasi hapa tutamwita kandida.

Kandida si mgeni kwa akina mama. Ule utando mweupe kama maziwa yaliyoganda unaoonekana katika ulimi wa mtoto mchanga mara nyingi huletwa na yeye. Muwasho unaowapata wengi wetu sehemu za siri wakati wa ujauzito, au baada ya kumeza dawa za kuua vijidudu, mara nyingi ni yeye pia. Tena watu wengi wenye afya njema wanaye mdomoni bila kuugua, kwa sababu mate na kinga ya mwili humzuia asizidi. Basi kuwa naye si aibu, wala si dalili ya uchafu wa mtu. Shida huanza anapopata mahali pa kujificha na kuzaliana bila kusumbuliwa.

KWA NINI AJIFICHE CHINI YA MENO?

Tangu miaka ya 1930 meno mengi ya bandia yamekuwa yakitengenezwa kwa plastiki iitwayo akriliki, ile ya rangi ya waridi inayofanana na fizi. Kwa macho huonekana laini, lakini ukiitazama kwa darubini ina vitundu na mikwaruzo mingi. Zaidi ya hapo, upande unaogusa kaakaa haung'arishwi kama upande wa nje, kwa sababu fundi akiung'arisha meno hayatashika vizuri. Katika vitundu hivyo kandida hujishikiza.

Mate ndiyo maji ya kuoshea mdomo tuliyopewa. Hupita kutwa yakisafisha, tena yana vitu vya kupigana na vijidudu. Lakini chini ya meno ya juu mate hayapiti vizuri, maana plastiki imebana kaakaa. Meno ya chini hucheza kidogo tunapozungumza na kula, kwa hiyo mate hupenya. Ndiyo maana wekundu huu huonekana zaidi juu kuliko chini.

Mabaki ya ugali, mkate na chai ya sukari yakikaa hapo, kandida pamoja na bakteria hujenga utando wa utelezi. Mtu anaweza kuuhisi mwenyewe: apitishe kidole upande wa ndani wa meno yaliyokaa kutwa bila kuoshwa. Utando huo hauondoki kwa kusuuza, kama vile sufuria ya uji haitakati kwa kumwagiwa maji tu. Hutoka kwa kusuguliwa. Hapo ndipo alipokosea mama wa barua yetu, na si kosa lake, maana inaelekea siku aliyopewa meno hakuna aliyeketi naye kumfundisha.

Yapo mambo mengine yanayompa kandida nguvu:

Meno yasiyokaa sawasawa. Jino likishang'olewa, mfupa uliolishika huanza kupungua. Hupungua zaidi mwaka wa kwanza, kisha huendelea polepole maisha yote. Meno yaliyokaa vizuri miaka ile, leo yanacheza na kukwaruza. Ngozi iliyokwaruzwa ni mlango wazi.

Kisukari, hasa kisichotibiwa. Wekundu usiopona mdomoni unaweza kuwa ndio unaomfanya mtu apimwe sukari na kujua hali yake.

Dawa. Za kuua bakteria, zikitumika muda mrefu, huondoa wapinzani wa kandida. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za msongo wa mawazo hukausha mate. Baadhi ya dawa za pumu za kuvuta kwa mdomo huacha mabaki kooni, kwa hiyo anayezitumia asukutue kwa maji na kutema kila amalizapo.

Uvutaji wa sigara, upungufu wa damu, na kinga ya mwili iliyoshuka kwa sababu yoyote, virusi vya UKIMWI vikiwamo. Lakini tafadhali tusikimbilie kumnyooshea mwenzetu kidole. Sababu zilizo za kawaida kabisa ni mbili: kulala na meno mdomoni, na kutoyasugua.

Na ile mipasuko pembeni mwa midomo? Meno ya bandia yakichakaa, au mfupa ukipungua, mdomo hufunga chini kuliko ulivyokuwa. Pembe za midomo hujikunja, mate hutuama pale, na kandida hukaribia karamu. Wakati mwingine bakteria huingia naye, na wakati mwingine upungufu wa madini ya chuma au vitamini huongeza. Kupaka mafuta tu hakutoshi kama kilichoko chini ya meno hakijaondolewa.

USIKU NI WA KUPUMZIKA

Tukiulizwa tutaje jambo moja tu la kushika katika makala haya, tutasema: usilale na meno ya bandia mdomoni. Usiku mate hupungua sana, na mdomo huwa mkavu na mtulivu. Kandida hufanya kazi tunapolala. Kaakaa linahitaji saa hizo lipate hewa na mate, kama miguu inavyohitaji kuvuliwa viatu.

Jambo hili si la mdomo tu. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kufuatilia wazee 524 wa umri wa miaka 85 na zaidi kwa muda wa miaka mitatu. Waliokuwa wakilala na meno ya bandia walipata homa ya mapafu kwa kiasi cha mara mbili kuliko wale waliokuwa wakiyatoa. Mtu mzima anapolala, mate kidogo huweza kuteremka njia ya hewa, na mate hayo yakiwa yamebeba vijidudu kutoka meno machafu, mapafu ya mzee hayana nguvu ya kuvikabili.

Kwa wenye vipande vidogo vya jino moja, mawili au manne kuna hatari nyingine. Kipande kidogo kinaweza kuchomoka usingizini kikamezwa au kikaingia njia ya hewa. Madaktari wamelazimika kuviondoa kooni kwa upasuaji. Mama wa barua yetu, hili linakuhusu wewe hasa.

NAMNA YA KUYAOSHA

Habari njema ni kwamba hakuna kifaa cha gharama kinachohitajika. Andaa mswaki laini usiotumika kwa kazi nyingine, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na bakuli.

1. Jaza maji kiasi katika beseni, au tandika taulo chini. Meno yakiteleza mkononi na kugonga saruji huvunjika.

2. Baada ya kila chakula, ukiweza, yatoe na kuyasuuza.

3. Kila siku jioni yasugue kwa mswaki na sabuni kidogo, pande zote, hasa upande wa ndani unaogusa kaakaa na sehemu za vile vikulabu vya kushikia. Maji yawe ya baridi au ya uvuguvugu. Maji ya moto hupinda plastiki, na yakishapinda hayatakaa tena. Kamwe usiyachemshe.

4. Usitumie dawa ya meno ya kawaida, majivu, mkaa wala mchanga. Vyote hukwaruza plastiki, na kila mkwaruzo ni nyumba mpya ya kandida.

5. Sugua na mdomo pia: fizi, ulimi na kaakaa kwa mswaki laini au kitambaa safi chenye maji. Kama una meno yako mwenyewe yaliyobaki, yasugue kwa dawa ya meno kama kawaida. Meno yanayoshikiwa vikulabu huoza upesi yasipotunzwa, na ukiyapoteza hayo utahitaji bandia kubwa zaidi.

6. Usiku yaweke katika bakuli safi lenye maji na kifuniko. Akriliki ikikaa kavu hubadilika umbo. Maji yamwagwe na bakuli lioshwe kila asubuhi. Usiyafunge katika karatasi laini, maana mengi yametupwa jalalani kwa namna hiyo.

7. Asubuhi yasuuze vizuri kabla ya kuvaa.

Wanaoweza kununua vidonge vya kuyeyusha katika maji ya kulowekea meno, ni vizuri, lakini havichukui nafasi ya mswaki. Fuata maelezo ya pakiti, suuza sana baadaye, wala usikiweke kidonge hicho mdomoni au kusukutua maji yake, maana watu wengine wamedhurika. Vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto.

Na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ile wengi tunayoiita jiki? Ni kweli huua kandida, lakini si ya kukisia. Meno hayapaswi kukaa katika maji yenye dawa hiyo zaidi ya dakika 10, na yale yenye chuma ndani yasiguswe nayo kabisa kwa sababu chuma huharibika. Muulize daktari wako kipimo kwanza. Wala usiichanganye na siki au dawa nyingine ya usafi, maana huleta hewa ya sumu.

Meno yakivunjika usiyaunge kwa gundi ya dukani. Rudi kwa aliye na ujuzi. Na hata yasipovunjika, yakaguliwe na daktari wa meno kila mwaka. Akiona yanacheza anaweza kuyaongezea plastiki upande wa ndani ili yashike, au kukushauri utengeneze mengine.

DAWA, NA WANAWAKE WAWILI WALIOITAFUTA

Mara nyingi wekundu hupungua kwa kuosha vizuri na kulala bila meno. Usipopungua, daktari ataandika dawa ya kuua fangasi. Inayojulikana zaidi ni nistatini, ile ya matone ambayo wengine tumewatilia watoto wetu ulimini. Ukipewa, toa meno kwanza, izungushe mdomoni kwa muda kabla ya kumeza au kutema kama utakavyoelekezwa, na uimalize kwa siku ulizoambiwa hata kama umeona nafuu. Ipo pia dawa ya mikonazoli ya kupaka. Anayemeza wafarini, yaani dawa ya kuzuia damu kuganda, lazima amwambie daktari, kwa sababu hizo mbili zikikutana zinaweza kusababisha kuvuja damu. Na kumbuka kwamba ukitibu mdomo ukaacha meno machafu, kandida atarudi kutoka katika plastiki, na utasema dawa haifai.

Tunapenda akina mama wajue kwamba nistatini ilipatikana kwa kazi ya wanawake wawili wa Marekani. Elizabeth Hazen alikuwa yatima tangu utotoni, akalelewa na ndugu huko Mississippi. Rachel Brown alilelewa na mama yake baada ya baba kuondoka. Wote waliajiriwa na idara ya afya ya jimbo la New York, Hazen katika jiji la New York akichunguza vijidudu, Brown mjini Albany akiwa mkemia, zaidi ya kilomita 200 kati yao. Hazen alikusanya udongo wa mahali mbalimbali na kutafuta ndani yake viumbe vinavyoweza kuua kuvu. Akipata kimoja, hukitia chupani na kukituma kwa posta. Brown hutenga dawa iliyomo na kuirudisha kwa posta ijaribiwe. Nyingi ziliua kuvu lakini ziliua na wanyama wa majaribio. Hatimaye udongo wa shamba moja la rafiki huko Virginia ukatoa iliyofaa. Waliitangaza mwaka 1950, wakaipa jina linalotokana na jimbo lao la New York.

Mapato ya hati miliki ya dawa hiyo yalizidi dola milioni 13. Wao hawakujitajirisha nayo. Waliyatoa kwa ajili ya utafiti wa sayansi. Hata mji wa Florence huko Italia, ulipopatwa na mafuriko mwaka 1966, dawa hiyo ilitumika kuzuia ukungu uliokuwa ukila michoro ya kale. Basi unapomtilia mwanao yale matone ya manjano, kumbuka udongo uliosafiri kwa posta.

WAZEE WALIO NYUMBANI MWETU

Mmoja wetu ametupa ruhusa tusimulie jambo lake. Alikaa na mama mkwe wake miaka kumi na mmoja. Mzee alipolazwa hospitali, muuguzi alimwuliza, "Bibi huyu bakuli lake la meno liko wapi?" Mwenzetu alibaki ameduwaa. Hakujua kama mama mkwe alikuwa na meno ya bandia. Yalipotolewa, kaakaa lote lilikuwa jekundu kama nyama mbichi. Ndipo alipokumbuka kwamba kwa miezi mingi mzee alikuwa akisukuma sahani kando na kusema ameshiba, naye akadhani ni uzee, au kwamba mchuzi wake haukupendwa.

"Nilimfulia nguo na kumpikia," anasema, "lakini sikuwahi kumwuliza habari za mdomo wake. Niliona ni kumvunjia heshima." Mzee alipopona walitafuta bakuli dogo la kaure lenye kifuniko. Kila jioni, baada ya chakula, mkwe hutia maji na kuliacha kitandani pa mama bila neno. Asubuhi hulikuta tupu, limeoshwa. Mpaka leo hawajalizungumza, na mzee anakula.

Tusingoje hospitali. Kama mama, baba au mkwe anaishi nasi, tumwulize kwa faragha na kwa adabu, au tumtume aliye rika lake, au mjukuu anayependwa. Mwenye mikono inayotetemeka au macho hafifu anahitaji kusaidiwa kusugua. Mpini wa mswaki unaweza kuongezwa unene kwa kuviringishiwa kitambaa. Aliyepooza upande mmoja mara nyingi hubaki na chakula upande huo bila kuhisi. Na mzee anayeacha kula, anayekataa vitu vya pilipili au limau aliyokuwa akivipenda, au anayeweka mkono mdomoni akizungumza, aangaliwe mdomoni kabla hatujasema ni uzee.

NENDA UKAONWE

Mama wa barua yetu, pamoja na yote tuliyosema, nenda kwa daktari wa meno. Nenda upesi zaidi ukiona haya: kidonda au uvimbe ambao haujapona kwa majuma mawili, doa jeupe au jekundu lisilotoka, maumivu au shida ya kumeza, au utando mweupe ulioenea hadi kooni. Mengi ya haya huwa madogo, lakini ni daktari pekee anayeweza kuyatenganisha na yale makubwa, na saratani ya mdomo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Usikae nyumbani ukiiogopa usiku kucha. Ukipimwa sukari na damu, kubali. Kujua ni bora kuliko kukisia.

NA BABA WATOTO JE?

Tumefika katika swali la pili. Tutakujibu bila kuzunguka. Unaweza kupona kwa siri, lakini kwa shida. Kama kwa sasa huwezi kabisa kulala bila meno, basi yatoe mchana mumeo akiwa kazini, saa kadhaa mfululizo kila siku, uyasugue na kuyaloweka. Itasaidia. Lakini hatari ya kuyameza usingizini itabaki, na siri nayo itabaki. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Tunakuelewa, mama. Meno ya mbele ni uso wa mtu. Si jambo jepesi kwa mwanamke wa miaka 34 kusimama mbele ya mume wake na pengo, midomo imeingia ndani, sauti imebadilika. Umejiona bibi kizee kabla ya wakati. Umeogopa kwamba akikuona hivyo mara moja, hatakuona tena kama zamani. Hakuna daktari aliyewahi kukuuliza habari hizo siku alipokwambia "usiku yatoe".

Lakini hebu fikiri. Mume huyu amekuona katika uchungu wa watoto wanne. Amekuona na homa, na nywele hazijachanwa, na macho yamevimba kwa kilio cha msiba. Naye wewe umemwona vivyo hivyo. Huenda hata anajua zaidi kuliko unavyodhani. Mtu hulala kando ya mwenzake miaka saba bila kuona mlango wa bafuni unaofungwa kila jioni? Labda amenyamaza kwa kukuheshimu, kama vile wewe ulivyonyamaza kwa aibu.

Chagua siku tulivu, watoto wamelala. Usianze na meno, anza na afya. Mwambie, "Baba watoto, nina ugonjwa mdomoni na daktari amesema nisilale na meno haya." Hayo ni maneno machache. Unaweza kuzima taa kwanza ikiwa itakupa nguvu. Si lazima usiku ule ule umwonyeshe uso. Weka bakuli lako upande wako wa kitanda, lenye kifuniko, na kesho yake itakuwa rahisi kidogo.

Nanyi waume mnaosoma magazeti ya wake zenu kwa siri, maana tunajua mpo: siku mke wako akikuletea neno hili, usicheke. Hata mzaha mdogo wa kupunguza uzito wa jambo, uache kwa siku nyingine. Mwulize tu kama bakuli lina maji.

Mama usiye na jina, tutafurahi ukituandikia tena. Huna haja ya kutuambia mumeo alisema nini. Tuambie tu kama unalala vizuri, na kama kaakaa limerudi rangi yake.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumzia miguu inayovimba wakati wa ujauzito: ipi ni ya kawaida na ipi ni ya kukimbilia hospitali. Kwaherini, na mkale vizuri.